Bangili ya Mwasiti
Sheria inataka kila mwanafunzi wa uuguzi abebe hisia za mgonjwa mmoja kwa wiki sita, kupitia bangili ya kielektroniki anayovaa. Mwasiti alipangiwa mgonjwa ambaye hisia zake hupanda na kushuka kupita kiasi.

Mwanzoni Mwasiti hakulala siku nne. Alipaka jiko rangi ya njano huku akiimba, akaalika mtaa mzima kula pilau. Kisha akaanguka kitandani, hataki hata kuoga.

"Si wewe, mwanangu, ni huyo mgonjwa," mama yake alimwambia kila asubuhi, akimlisha uji, kisha akikata siku moja kwa kalamu kwenye kalenda.

Siku ya mwisho mkufunzi alikuja kuivua bangili. Akaigeuzageuza, uso ukamshuka.

"Mama Mwasiti, nisamehe. Hii tulisahau kuiwasha."

Mama alikuwa ameshaikata siku ya mwisho kwenye kalenda.