Pacha wa Mama

Siku hizi kila mwenye saratani ya matiti huoteshewa pacha: kipande cha uvimbe wake hukuzwa maabarani, ndani ya kichupa, ili dawa zijaribiwe humo kwanza. Kwa mama yangu, Nakundwa, dawa kumi na moja zilishindwa. Ya kumi na mbili ikamponya. Akaishi miaka tisa zaidi, akinipikia makande kila Jumamosi, mpaka uzee ulipomchukua.

Pacha wake yupo bado. Sheria inataka kipande kimoja kisichotiwa dawa kitunzwe hai, na ndugu waruhusiwe kukiona.

Jumamosi iliyopita nilijifunga kanga ya mama, nikaenda maabarani, nikainama mbele ya kioo cha kichupa chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia dada Eliapenda, mtunza maabara, kama kawaida yake, maana shikamoo haiachwi bila jibu. "Leo utafurahi. Amenawiri! Amekuwa mara mbili ya mwezi uliopita."

Nilifurahi kweli, hata nikamshukuru Mungu. Nilikuwa sokoni, nachagua maharage ya makande, nilipokumbuka kwamba ninayemwamkia miaka yote hii ndiye aliyetaka kumuua mama.