Mabao Manne ya Kithyoko

Syombua alitema mate chini, akapanda kiti na kuanza kuing'oa bendera ya timu juu ya mlango wa duka lake la kushona.

"Si tumeshinda?" jirani yake aliuliza. "Mbona unaitoa?"

"Tumeshinda nini? Huo ni uchafu."

Saa moja tu nyuma, alikuwa akicheza katikati ya barabara. Ilikuwa Jumamosi, Novemba 2002. Iveti Stars, timu yao ya Machakos, haikuwa imeshinda mechi yoyote ya ugenini kwa misimu miwili, na Mto United ya Kithyoko ndiyo iliyowatia hofu kuliko zote. Mwaka uliopita iliwafunga sita. Kwa hiyo simu ilipoingia na habari ya nne bila, mashabiki wa Machakos walitoka na masufuria wakiyapiga, na Syombua, mwenyekiti wao, akaruka mpaka kiatu kikamtoka.

Kisha ikaingia simu ya pili. Mwalimu Bartholomew, katibu wa mashabiki, aliipokea akicheka. Alipoikata hakuwa akicheka tena.

"Wachezaji saba wa Mto United wamekuwa wakikimbilia vichakani mechi ikiendelea," alisema. "Kipa amejichafua golini, watu wote wakiona. Wawili wako zahanati, wametundikiwa maji. Walikunywa chai kabla ya mechi, na hiyo chai ilikuwa imetiwa dawa ya kuharisha."

"Nani aliwapatia chai?"

"Salah. Walimwona akiingia kwa chumba chao na birika, amelibeba mwenyewe."

Salah alikuwa nahodha wa Iveti Stars, kijana kutoka familia ya Wasomali wauza ng'ombe pale mjini. Syombua alimshonea jezi yake ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne. Na kwa miaka yote hiyo, kila timu ilipofungwa, alisimama sokoni akasema neno lile lile: sisi hufungwa, lakini hatuibi. Sasa alienda kuchukua kiti ili aitoe bendera.

Basi lilifika jua likizama. Hakuna aliyepiga makofi. Wachezaji walishuka wakiimba, wakaona nyuso zilizowangoja, wimbo ukawafia midomoni. Salah alishuka wa mwisho. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na adhana ndiyo kwanza inaanza. Mkono mmoja alikuwa na tende, mwingine chupa ya maji, midomo yake imepasuka kwa kiu.

Syombua alimzibia njia.

"Ulibeba hiyo chai, hukubeba?"

"Nilibeba, Mama. Ilikuwa imekaa tu chumbani kwetu, ikipoa. Nikasema isimwagwe bure."

"Na nyinyi mbona hamkuinywa?"

"Mimi nilikuwa nimefunga. Hawa wengine wakakataa kunywa kama mimi niko na kiu. Wakasema tutakula pamoja jioni."

Mwalimu Bartholomew aliguna. "Wote kumi na sita? Hata Mwangangi, mwimbaji wa kwaya, siku hizi anafunga Ramadhani?"

"Ni kweli, Mwalimu," Mwangangi alisema. "Hakuna mtu aligusa."

"Nyamaza! Mmepanga maneno ndani ya basi."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Watu wa sumu!" Ganda la ndizi likampiga Salah begani. Alifungua chupa ili afuturu, lakini kabla haijafika mdomoni Syombua aliipokonya, akayamwaga maji yote miguuni pake.

"Watoto wa watu wanakauka, wako kwa dripu, na wewe unataka maji? Vua jezi yangu."

Salah aliivua polepole. Aliikunja, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima, kisha akapita katikati ya umati kifua wazi, tende bado mkononi. Hakuna aliyemsogelea. Syombua aliishika jezi kwa ncha za vidole, kama nepi ya mtoto, akaitupa kwenye moto wa taka nyuma ya duka. Ilinuka vibaya ilipoungua. Alisimama pale mpaka ikaisha.

Asubuhi iliyofuata mashabiki walikutana na kuamua bila ubishi: Salah hatachezea Iveti Stars tena, na pointi tatu zitarudishwa. Mwalimu aliandika barua. Yeye na Syombua wakafunga safari hadi Kithyoko, wakiwa na machungwa ya wagonjwa ndani ya kikapu.

Walielekezwa kwa Kamanthe, mama aliyekuwa akiipikia Mto United. Walimkuta uani ameinama juu ya karai, akifua nguo za kipa. Uvundo wa nguo hizo uliwapokea kabla yake. Mwalimu aliziba pua kwa leso. Syombua hakuziba, aliona anastahili kuunusa. Alipiga magoti palepale kwenye matope ya sabuni.

"Mwaitu," alisema, kama Wakamba wanavyomwita mama, "tumekuja na aibu yetu. Aliyewaletea watoto wenu ile chai ni mtoto wetu. Tumemfukuza. Nimemvua jezi mbele ya watu wote. Tunawarudishia ushindi wenu, na tunaomba mtusamehe."

Mwalimu alinyoosha barua. Kamanthe hakuipokea. Alikuwa ameacha kufua, povu likimchuruzika kwenye viwiko. Alitazama kikapu cha machungwa, akatazama nyuma mlangoni kama mtu anayechunga asisikike, kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Inuka, mwaitu," alisema. "Birika la dawa alilowapelekea watoto wetu, mimi nilikuwa nimewawekea nyinyi."