Hahitaji Msaada

Zama hizo, chochote kilichoandikwa kwenye wasifu wako wa kazi, nyumba yako ilihakikisha unaishi vivyo hivyo. Mwandishi wa wasifu, kwa wema tu, alimwongezea Tunu sentensi moja: "Hahitaji msaada wa mtu." Tunu akaupata umeneja.

Basi siku homa ilipomlaza sakafuni, mama yake alifika na chupa ya uji.

"Fungua, mwanangu."

"Mlango umekataa, mama."

"Mlango gani huo usiomjua mama mtu? Waambie waifute hiyo sentensi!"

"Ili waifute, lazima niombe msaada."

Mama akabandika kiganja kwenye kioo cha dirisha. Tunu akajikokota, akabandika chake upande wa ndani.

"Hongera, Meneja, unajiweza," nyumba ikasema kwa upole, kisha ikateremsha pazia.