Dada wa Bwana Harusi

Shangazi alimfinya Fundi ubavuni. "Cheka basi, picha inapigwa. Watu watasema una wivu."

Fundi akatoa meno. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na bwana harusi alikuwa kaka yake wa pekee. Nguo zote za wasimamizi alizishona yeye, wiki tatu nzima hakuinua kichwa kwenye cherehani. Watu walimsifu, lakini sifa zilimpitia kana kwamba anasifiwa mtu mwingine.

Kaka yake alicheza na mkewe mpya, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi akapekua moyo wake akitafuta hata chembe ya furaha. Hakuiona. Alikwenda kujifungia chooni, akaona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Wiki mbili baadaye alikwenda kliniki, mbali na mtaa wao, mtandio umemfunika hadi puani.

"Nina roho mbaya," alimwambia muuguzi, macho sakafuni. "Kaka yangu ameoa, na mimi sikufurahi."

"Kuna kingine kinachokufurahisha? Chakula, muziki, marafiki?"

"Zamani nilikuwa naimba nikishona. Siku hizi redio ikizimika hata sijui."

Muuguzi akauliza kama anapata usingizi. Hapana. Akauliza huwa anazungumza na nani. Wateja tu, wakija kupimwa nguo. Akauliza yeye na kaka yake walilelewaje.

Fundi alikunja ncha ya mtandio, akaikunjua.

"Baba hakutaka kelele. Tukicheka, fimbo. Tukilia, fimbo. Lakini hicho si kisingizio. Kaka yangu tulichapwa naye pamoja, mbona yeye ana furaha? Kasoro ni yangu."

"Si roho mbaya hiyo, mdogo wangu," muuguzi alisema taratibu. "Vijana wengi wanaokuja hapa wana hali kama yako, na inatibika. Kaa pale kwenye benchi, daktari anamalizana na mgonjwa."

Alikaa. Bado aliona aibu, akainamisha uso ili yeyote atakayetoka asimtambue.

Mlango ukafunguka. Viatu vikapiga hatua mbili, vikasimama mbele yake. Aliinua macho polepole: bahasha ya vidonge, kisha pete mpya kidoleni.

Kaka yake akaketi kando yake. Mabega yao yaligusana.

"Usimwambie wifi yako," alisema.