Unga wa Kusafisha Figo

Kopo zima la unga alilimwaga chooni, akavuta maji, akaona mwingine bado unaelea, akavuta tena. Kisha akakaa sakafuni akalia.

"Kaka, uko salama humo?" dada yake aliuliza nje ya mlango.

"Niko salama," fundi viatu alijibu. Salama gani! Figo zake mwenyewe zilikwisha kufa zamani, na leo amejua kwamba ameziua na za dada yake.

Zake aliziua kwa ujeuri. Presha aliidharau, dawa za maumivu akazitafuna kama njugu, na alipoanza kuvimba miguu akasema ni kwa kukaa sana kibandani. Sasa aliishi kwa mashine ya hospitali iliyomsafisha damu, na akitoka hapo hana nguvu hata ya kuchoma soli sindano. Daktari alimwambia atafute mtu wa kumpa figo moja, na heri awe ndugu wa damu.

Ukoo ukakaa kikao. Kaka mkubwa akasema ana watoto wadogo. Baba mdogo, aliyekuwa akijisifu hajui ladha ya kidonge, siku hiyo akakumbuka kwamba ana sukari. Shangazi ndiye aliyemaliza udhia.

"Si huyu hapa? Hana mume, hana mtoto. Anamtunzia nani?"

Wote wakamgeukia dada mdogo, mpiga pasi kwenye duka la dobi. Alikuwa amebeba sinia la vikombe. "Mnavyoona," alisema. Wakampigia makofi, wakarudi kwenye chai yao.

Tangu hapo fundi alimlinda kama yai. Chumvi akaifungia kabatini. Asubuhi alimsimamia anywe maji, jioni akamtoa kutembea. Mgongo ukimuuma kwa kusimama na pasi kutwa nzima, hakumruhusu kumeza kidonge. Alimkanda kwa maji ya moto. Na juu ya yote hayo alimkorogea unga wa mizizi, aliouziwa na mteja aliyeapa kwamba unasafisha figo zikang'aa. Hakumuuliza daktari. Kitu cha asili, alijiambia, kitakuwa na ubaya gani?

Leo daktari aliwaita kuwapa majibu. Alianza na dada peke yake, mlango ukafungwa, wakakaa humo mpaka fundi akachoka na benchi. Alipoitwa yeye, maneno yalikuwa machache.

"Dada yako hatakutolea figo. Tutafute mtu mwingine."

"Kwa nini? Ana nini?"

"Habari za mtu ni siri yake."

Ndipo fundi akautaja ule unga, kwa sauti ndogo. Daktari akakunja uso. "Dawa kama hizo nyingine huharibu figo kabisa. Mwambie aache leo hii."

Basi kilichobaki kuulizwa ni nini? Nyumbani, kopo likiwa tupu, akafungua mlango wa choo, akampigia magoti dada yake palepale koridoni.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka ziwe na nguvu, kumbe nakulisha sumu."

Dada alitazama ukuta. "Inuka, kaka. Yamekwisha."

Hakulia wala hakumlaumu. Fundi akashangaa moyo wa namna gani huo, na roho ikazidi kumuuma.

Akaacha kutafuta figo yake. Kazi yake ikawa moja, kuziokoa za dada. Alipika mwenyewe, chakula kisicho na chumvi kinachomshinda hata mwenye njaa. Alimtembeza jioni, yeye ndiye akihema na kushika kuta. Siku moja alikuta karanga za chumvi kwenye mkoba wa dada. Akazitoa bila kumgombeza, maana alidhani mtu aliyekata tamaa hula chochote.

"Mbona hospitali hawajakupa dawa yoyote?" alimuuliza.

"Mimi sijisikii vibaya, kaka. Achana na haya. Fikiria afya yako."

"Figo haziumi mpaka zimekwisha. Huoni mfano mbele yako?"

Dada akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Fundi aliuza mashine yake ya kushonea viatu, ile aliyoachiwa na baba yao. Haikutosha. Akaruka na zamu yake ya kusafishwa damu ili aongezee pesa, akajikaza kisabuni, na uso ukiwa umevimba akamkokota dada mpaka maabara ya kulipia. Njia nzima dada alisema warudi nyumbani. Alidhani ni woga.

Mpimaji alipotoka na majibu alimtazama fundi kwanza. "Mgonjwa ni wewe?"

"Ni huyu."

"Huyu?" Mpimaji akasoma tena. "Huyu mzima. Figo zake ni salama kabisa."

Fundi alimkumbatia mpimaji, asiyemjua kabisa. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamgeukia dada aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani.

"Umesikia? Zimepona! Maji yale, chakula kile ulichokuwa unakinunia! Inuka twende kwa daktari sasa hivi, akupime upya. Inuka, mdogo wangu, tumepona wote wawili!"

Dada hakuinuka.

"Kaka," alisema, "siku ile daktari alifunga mlango akaniuliza kama mwenyewe nataka kutoa. Ni yeye peke yake aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia sitaki."