Zamu Yangu ya Kufua Jezi

Mambo yaliharibika Jumanne ile meneja aliponiamuru mimi, bawabu wa kiwanda, niufunge uwanja wetu wa mpira kwa kufuli. Wakubwa wanataka pa kuegesha magari. Wao miguu ni ya kukanyagia breki tu.

Jioni timu yetu ya wazee wa mtaa ikaja. Mimi ndiye kipa wao. Nilikuwa ndani ya uzio, ufunguo mkononi, jezi zote begani, maana wiki hiyo zamu ya kufua ilikuwa yangu.

Tangu mke wangu afariki, kamba yangu ya nguo hubeba shati moja. Zamu ya jezi ikifika kamba inajaa, na majirani hudhani nina wageni.

"Fungua bwana, miili inapoa," akasema nahodha, fundi cherehani mwenye kitambi.

"Nikifungua, kesho sina kazi."

Wakainua macho kiwandani. Dirishani ghorofani meneja alikuwa amesimama na kikombe chake, ananitazama.

Nahodha akapenyeza vidole kwenye waya, akashika mkono wa jezi yake, akauvuta taratibu.

"Basi turushie jezi zetu, ndugu yangu. Na hiyo ya kipa, tumvalishe nani?"