Mfupa Unaonata Ulimini

Mama Ekutan aliokota mfupa, akaupuliza vumbi, akauweka ulimini. Lopeyok, mchoraji wa kambi ya watafuta mifupa ya kale, alikuwa amemwona akifanya hivyo mara mia, na bado aligeuza uso.

"Umenata," mama alisema. "Wa kale huu." Akacheka kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona.

Ndivyo walivyofanya kazi pale. Mfupa wa juzi huteleza ulimini. Uliokwisha kugeuka jiwe, uliolala ardhini miaka maelfu kwa maelfu, hunata. Wasomi walikuwa na mashine zao Nairobi, lakini ulimi wa Mama Ekutan ulikuwa haujakosea hata mara moja kwa misimu sita.

"Wa mtu?" Lopeyok aliuliza.

"Wa nguruwe. Mchore nguruwe wako."

Lopeyok hakutaka nguruwe. Alikuwa akichora kitabu cha kuwaeleza watu wa kawaida binadamu alikotoka, tangu alipoanza kusimama kwa miguu miwili. Kurasa zote zilikuwa tayari isipokuwa moja, ya mtoto. Daktari, yule msomi wa kike aliyeongoza kambi, alikataa katakata achore mtoto wa kubuni. Bila mfupa, hakuna picha. Na kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, kwa sababu wafadhili walikuwa wamechoka.

"Mama Ekutan, niombee tupate mtoto."

Mama akamgeukia kwa ukali. "Usiombe hivyo."

"Kwani nimesema nini?"

"Ukiomba mtoto, sema wa kale. Useme wazi."

Lopeyok akacheka. Aliwajua watafutaji mifupa, kila mmoja na mwiko wake.

Jambo moja tu hakulielewa. Watafutaji wenzake wote walipanda kilimani, ambako meno ya watu wa kale yaliokotwa kila msimu. Mama Ekutan alifuata laga, ule mto mkavu, kwenye njia ya mbuzi iendayo kisima cha zamani. Misimu sita, njia ile ile.

"Mama, huku utaokota nguruwe mpaka uzeeke."

"Watu wa kale hawakunywa maji?"

"Walikunywa. Lakini hawakuchunga mbuzi."

"Ulikuwapo wewe?"

Waliokuwa wakichekecha mchanga karibu wakaangua kicheko. "Jibu, kalamu! Ulikuwapo?"

Jioni mume wa Mama Ekutan alipita ng'ambo ya laga na mifugo yake, kama kila siku. Hakusogea. Alipaza sauti tu: "Bado?"

"Bado!" mkewe akajibu.

Akaenda zake, akipiga mluzi. Lopeyok akatikisa kichwa. Mwanamume gani huyu anayefurahi mkewe akitoka mikono mitupu? Labda alihofia mke akipata sifa atamkimbia.

Siku ile ya mwisho, kabla jua halijachomoza vizuri, Mama Ekutan alimfuata Daktari kwenye hema.

"Niongezee wiki moja."

"Hela zimekwisha, mama."

"Sijataja mshahara. Chakula nitaleta mwenyewe. Niachie maji tu, madebe mawili."

"Siwezi kukuacha hapa peke yako."

"Nimezoea."

Daktari akamshika bega, akakataa tena, kwa upole. Mama Ekutan akatoka, akasimama nje akitazama laga kama mtu anayefungiwa mlango. Lopeyok alimwonea huruma.

"Usijali," alimwambia. "Jina lako nitaliandika ukurasa wa kwanza kabisa. Watoto wako watalisoma."

"Jina langu likafanye nini humo?"

"Si ndicho unachotafuta? Unao watoto wangapi?"

"Watano."

Lopeyok alikuwa amekula kwake mara nyingi, na alihesabu wanne. Akamwambia.

"Wa kwanza alitoka na mbuzi, kabla kambi hii haijaja," mama alisema, akabeba fimbo yake.

Wakashuka lagani wawili peke yao. Mvua ya juzi ilikuwa imemega ukingo, na udongo uliokatika ulikuwa bado mbichi. Mama Ekutan alitangulia. Ghafla akasimama.

Ilikuwa taya. Ndogo, imetokeza nusu kwenye ukingo, na meno ya maziwa bado yamo.

"Mtoto!" Lopeyok alipiga kelele. "Daktari! Daktari, njoo! Tumempata mtoto!"

Alitoa karatasi. Alichora meno, akachora upande wa taya. Kalamu ikashuka kwenda mbele, ikafika kwenye kidevu, ikasimama. Alikuwa amechora taya za watu wa kale kitabu kizima, na hata moja haikuwa na kidevu. Hii ilikuwa nacho. Kidevu kama chake yeye.

Mama Ekutan aliichomoa taya ile kwa vidole viwili. Akaiweka ulimini.

Ikateleza.

Akaiweka tena. Safari hii alifumba macho, akaibana na mdomo, akakaa nayo hivyo muda mrefu, kama anayeibembeleza inate. Lopeyok akatazama chini, asione. Hapo chini, kwenye udongo uliomegeka, palijitokeza akala, ndara ya tairi. Ndogo, ya mguu wa kulia, kamba yake imefungwa fundo mara mbili.

Daktari alifika akihema, na sanduku lake la brashi na gundi mkononi. Wengine wakaja nyuma yake mbio, wakishangilia.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Nionyesheni! Mnajua tumemtafuta mtoto huyu miaka mingapi?"

Mama Ekutan alikuwa ameketi mchangani. Alikwisha kuvua shuka lake na kuifunika taya, na mkono wake ulikuwa juu ya shuka, unapigapiga polepole.

"Rudisha sanduku, Daktari," alisema. "Huyu nilimzaa mimi."